Umati wa Leo na Maradhi ya Kesho



Mtu aliyepewa kazi ya kusimamia hospitali, au kuongoza mambo ya afya katika kaunti nzima, ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza yapiga kelele. Kila asubuhi, hasa siku ya Jumatatu, watu wamejaa mlangoni: mama wamebeba watoto wenye homa, kijana aliyeanguka na pikipiki amelazwa juu ya machela, mzee aliyeishiwa pumzi ameketi bengini, na jamaa za wagonjwa wadai kitanda, dawa na damu. Kazi ya pili haipigi kelele hata kidogo. Ni kuwazuilia maradhi watu ambao leo wako mashambani, sokoni na viwandani, nao wadhani ya kuwa hawana ugonjwa wowote. Watu hao hawapangi mstari mlangoni, wala hawaandiki barua za malalamiko, wala hawajui ya kuwa wanahitaji msaada.

Basi swali lililo mbele ya kila kiongozi wa afya ni hili: fedha alizo nazo, wafanyakazi alio nao na saa za kazi, ambazo zote hazitoshi, azigawe vipi kati ya umati wa leo na maradhi ya kesho? Wako wanaosema ya kuwa mgonjwa wa leo atibiwe kwanza, na mambo ya kinga yangoje mpaka fedha zitakapopatikana. Wako wengine wanaosema ya kuwa fedha zote zinazotumiwa katika hospitali kubwa ni hasara. Wote wawili wamekosea. Kazi hizi mbili ni ncha mbili za kamba moja, na akiiachilia ncha moja ile nyingine humwelemea. Lakini kwa kuwa moja yapiga kelele na nyingine imenyamaza, fungu la ile iliyonyamaza sharti litengwe mapema, kabla ya kelele kuanza, kisha lilindwe.

FIGO NA PRESHA

Yafaa jambo hili lielezwe kwa mfano mmoja ambao watu wa mjini na wa mashambani wote wanaufahamu, nao ni ugonjwa wa figo.

Kazi ya figo ni kuchuja damu na kuondoa uchafu ambao hutoka mwilini pamoja na mkojo. Ndani ya kila figo mna mishipa midogo sana, isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chujio lenyewe. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa muda wa miaka mingi, mishipa hiyo huharibika kidogo kidogo. Huo ndio ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao wengi huuita presha. Ugonjwa wa kisukari nao huharibu chujio hilo hilo. Jambo la hatari ni kwamba mara nyingi mwenye presha hasikii maumivu yoyote. Alima shamba lake, abeba mizigo yake, acheza ngoma arusini, na huku figo zake zaendelea kuharibika.

Siku figo zinapokoma kufanya kazi, mtu huyo hana budi kusafishwa damu yake kwa mashine. Desturi ni mara mbili kwa juma, na kila mara huwa yapata saa nne kitandani, mpaka atakapopata figo ya mtu mwingine au mpaka mwisho wa maisha yake. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2024, wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, ilipochukua mahali pa bima ya NHIF, kusafishwa damu mara moja kuliwekewa shilingi 10,650. Mara mbili kwa juma ni mara 104 kwa mwaka. Mtu akizidisha ataona ya kuwa mgonjwa mmoja huhitaji shilingi 1,107,600 kila mwaka, bila kuhesabu nauli, chakula, na siku za kazi zilizopotea.

Sasa itazamwe ncha ya pili ya kamba. Kupima presha ni kazi ya dakika chache: kitambaa chafungwa mkononi, chajazwa upepo, na hesabu yasomwa. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao kazi yao ni kuwatembelea watu majumbani, waliwekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa na nusu kutoka serikali ya kaunti. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa hiyo fedha za kumsafisha damu mgonjwa mmoja kwa mwaka zaweza kuwalipa posho wahudumu 18 kwa mwaka mzima, na chenji ikabaki. Kila mhudumu hutazamia kuhudumia yapata nyumba 100. Wahudumu 18 ni nyumba 1,800.

Hesabu hii isichukuliwe kuwa ni sababu ya kumwacha mgonjwa wa figo afe. La, hasha! Huyo ni baba au mama wa watu, na haki yake ni haki. Hesabu hii yaonyesha tu jinsi lilivyo ghali jambo la kuchelewa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu hujengwa upya kila juma, mara mbili.

Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha ya kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na ya kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Mwaka huo huo Serikali ya Kitaifa ilianza mpango wa kukodi mashine za kisasa kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti. Kati ya hizo zilikuwamo mashine za kusafishia damu, za kupigia picha za mwili, na vyombo vya upasuaji. Watu waliokuwa wakisafiri siku nzima kwenda Nairobi au Eldoret walipata kusafishwa damu karibu na nyumbani, na hilo ni jambo jema lisilopingika. Hata hivyo, kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa taarifa yake mwaka 2020, na ikaonekana ya kuwa mahali pengine mashine zilikaa bure kwa kukosa watu wenye ujuzi wa kuziendesha, au umeme, au nyumba ya kufaa. Yaani mashine za kumtibu aliyekwisha kuharibika zilikodiwa kwa haraka, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajafungwa kitambaa mkononi.

KWA NINI KELELE HUSHINDA

Si haki kusema ya kuwa viongozi wote hawajali. Ziko sababu zinazomvuta hata kiongozi mwema upande wa kelele, na ni vizuri zijulikane.

Kwanza, mtu aliyeokolewa hospitalini anajulikana kwa jina lake na kwa sura yake, na jamaa zake hurudi kutoa shukrani. Lakini mtu aliyekingwa hajulikani, hata yeye mwenyewe hajijui. Hakuna mzee anayeamka asubuhi na kusema, "Leo figo zangu hazikuharibika, ahsante Gavana."

Pili, muhula wa kiongozi aliyechaguliwa ni miaka mitano, lakini presha huweza kuchukua miaka kumi au ishirini kabla ya kuangusha mtu. Apandaye mti huu leo pengine hatakuwa ofisini siku ya kuvuna, na atakayevuna atasema ya kuwa ni kazi yake.

Tatu, wananchi wenyewe hupenda kuona jengo. Katika mikutano mingi ya wadi watu hudai zahanati mpya, au hospitali mpya, nao humpima mwakilishi wao kwa mawe yaliyojengwa. Jengo hufunguliwa kwa ngoma na hotuba. Lakini jengo lisilo na mwuguzi wala dawa ni nyumba tu kama nyumba nyingine.

Nne, fungu la kinga ni rahisi kukopwa. Likitokea jambo la ghafula, fedha za kununulia petroli ya pikipiki ya mwuguzi anayezunguka vijijini ndizo huchukuliwa kwanza, kwa sababu hakuna mgonjwa atakayelia siku hiyo. Husemwa ya kuwa zitarudishwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, kila kaunti iliagizwa kuweka tayari vitanda 300 vya kuwatengea wagonjwa. Hapana mtu atakayelaumu kaunti kwa kushughulikia hatari hiyo. Lakini hatari ya ghafula haikosi kila mwaka: mafuriko, kipindupindu, ukame, mgomo, ajali. Ikiwa kila moja yala fungu la kinga, basi fungu hilo halitakuwapo kamwe.

FUNZO LA KAUNTI NNE

Mwezi wa Desemba mwaka 2018 majaribio makubwa yalianzishwa katika kaunti nne. Kisumu ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa na maradhi mengi ya kuambukiza, Nyeri kwa sababu ya kisukari na presha, Machakos kwa sababu ya ajali za barabarani, na Isiolo kwa sababu ya mama wanaopoteza maisha wakati wa kujifungua na shida za watu wanaohamahama. Katika kaunti hizo ada za matibabu ziliondolewa katika hospitali za kaunti.

Watu walimiminika. Hilo peke yake lilikuwa funzo, maana lilionyesha ya kuwa wengi walikuwa wamekaa na maradhi majumbani kwa kukosa fedha. Lakini kulikuwa na funzo la pili ambalo halikuzungumzwa sana. Katika zahanati na vituo vya afya, ada zilikuwa zimekwisha ondolewa tangu mwaka 2013. Mtu mwenye kikohozi au jeraha dogo alikuwa na sababu ya kuanzia zahanati, kwa kuwa huko hakulipa. Hospitali kubwa nayo ilipokuwa ya bure, sababu hiyo ikaondoka. Kwa nini aende zahanati yenye mwuguzi mmoja, na pengine haina dawa, wakati hospitali yenye madaktari iko wazi kwa bei ile ile? Basi mwenye kikohozi akapanga mstari pamoja na mwenye kiharusi, na mahali kadha dawa zikaisha upesi.

Matibabu katika nchi ya Kenya yamepangwa kama ngazi yenye vidato sita. Kidato cha kwanza ni nyumbani na kijijini. Cha pili ni zahanati, cha tatu ni kituo cha afya, cha nne ni hospitali ya kaunti ndogo, cha tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na cha sita ni hospitali kuu za taifa, kama ile ya Kenyatta iliyoko Nairobi na ile ya Moi iliyoko Eldoret. Ngazi hutumika vizuri mtu akianza chini. Fedha zikimwagwa juu peke yake, na vidato vya chini vikaachwa vimeoza, watu wote wataruka juu, na ngazi nzima itaelemewa. Kosa la namna hiyo halikutokana na nia mbaya. Nia ilikuwa njema kabisa. Kilichokosekana ni kuimarisha vidato vya chini kwanza.

KUUNGANISHA KAZI

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 sheria nne za afya zilitiwa sahihi kwa pamoja. Moja yazo yahusu afya ya msingi, yaani vidato vya chini. Nyingine ilianzisha bima mpya ya afya pamoja na hazina ya kulipia matibabu ya msingi kutoka katika kodi. Nyingine yaruhusu hospitali na zahanati kutumia zenyewe fedha zinazozipata, badala ya kuzipeleka zote makao makuu ya kaunti. Mwezi mmoja kabla ya hapo, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walikuwa wamekabidhiwa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha, sukari, joto la mwili na uzito. Tena mpango uliwekwa wa kuziunganisha zahanati na vituo vya afya na hospitali moja iliyo karibu, ziwe kama kuku na vifaranga vyake, ili wafanyakazi, dawa na habari za wagonjwa zipite kati yao bila kizuizi.

Mpango huo wapaswa kufanya kazi hivi. Chukua mfano wa mama wa miaka hamsini ambaye hajapimwa kamwe. Mhudumu wa kijiji ampima nyumbani kwake, aona 170 kwa 100, na kumwandikia barua ya kwenda zahanati. Zahanati ampimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha, kisha apewa vidonge na shauri juu ya chumvi, mwendo na uzito wa mwili. Daktari kutoka hospitali iliyoungana na zahanati hiyo hufika kwa siku zilizotangazwa, na kumwona ikiwa vidonge havimsaidii. Mhudumu amrudia kila mwezi kuona kama angali anatumia dawa. Mama huyo haonekani katika umati wa hospitali, wala hatafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Gharama yake ni ndogo, na maisha yake ni marefu.

Lakini mnyororo hukatika pale palipo dhaifu. Itakuwaje mama akifika zahanati na kuambiwa ya kuwa dawa zimekwisha, arudi juma lijalo? Pengine atarudi mara moja, hata mara mbili. Mara ya tatu atakaa nyumbani, maana hasikii maumivu, na nauli ni fedha. Ama atakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, awe mtu mmoja zaidi katika umati. Au baada ya miaka kadhaa ataletwa hospitali hiyo hiyo kwa gari la wagonjwa, mkono na mguu vimepooza. Ndiyo maana yasemwa ya kuwa umati wa leo ni mtoto wa uzembe wa jana. Kiongozi anayechukua fedha za dawa za zahanati ili kuupunguza umati wa hospitali huuongeza umati huo huo kwa mkono wake mwenyewe.

Kuunganisha kazi kwahitaji wakati. Jambo la mwaka 2025 ni ushahidi. Kwa miaka mingi watu wenye virusi vya Ukimwi walihudumiwa katika kliniki zao peke yao, na nyingi ziligharimiwa kwa misaada ya Marekani. Sehemu kubwa ya misaada hiyo iliposimamishwa ghafula mwezi wa Januari mwaka huo, kaunti zililazimika kuwaingiza watu hao katika kliniki za kawaida kwa mbio. Mashauri ya kuunganisha yalikuwa yamezungumzwa zamani, na yenyewe si mabaya: mtu mwenye virusi aweza pia kuwa na presha, na ni vema atazamwe mwili mzima mahali pamoja. Lakini jambo lililowezekana kufanywa polepole, wafanyakazi wakafundishwa na siri za wagonjwa zikalindwa, likafanywa siku ya shida. Asiyejenga wakati wa kiangazi hutafuta makuti mvua ikinyesha.

KAZI YA KIONGOZI

Basi kiongozi afanye nini? Mambo manne yampasa.

La kwanza, atenge fungu la kinga mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yaani kabla ya tarehe 1 Julai, na aliandike kwa jina lake: dawa za zahanati, posho za wahudumu, chanjo, petroli ya kuzungukia vijijini. Fungu hilo lisiguswe ila kwa idhini iliyo wazi, mbele ya watu, na tarehe ya kulirudisha iandikwe.

La pili, adai hesabu za mambo yasiyoonekana. Taarifa ya hospitali husema wangapi wametibiwa na wangapi wamefariki. Hiyo haitoshi. Aulize kila mwezi: Katika watu waliogunduliwa kuwa na presha mwaka jana, wangapi wangali wanatumia dawa? Zahanati ngapi zilikaa bila dawa hizo, na kwa siku ngapi? Mtumishi anayejua ya kuwa ataulizwa swali hilo mwezi ujao hatalisahau.

La tatu, awalinde watu wanaoifanya kazi hiyo. Malalamiko yamesikika katika kaunti kadha ya kuwa posho za wahudumu wa afya ya jamii hucheleweshwa. Mhudumu asiyelipwa miezi mitatu atarudi shambani kwake, na hapo nyumba 100 zimepoteza macho yao.

La nne, aseme kweli. Hili ndilo gumu kuliko yote. Wadi ikidai hospitali mpya, kiongozi awaambie watu gharama ya kuiendesha kila mwaka, na wauguzi watakaohitajiwa, na zahanati zitakazokosa dawa kwa ajili yake. Watu wazima wakielezwa hesabu huifahamu. Hukasirika zaidi wanapoahidiwa jengo wakapewa kuta tupu.

Hapa mtu mwenye huruma aweza kuuliza, "Je, fungu hilo la kinga litatoka wapi, ikiwa si mdomoni mwa mgonjwa wa leo?" Ni swali la haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema ya kuwa kila mtu ana haki ya kupata afya bora, na ya kuwa mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hiyo haliwezi kutoka kwa mgonjwa mahututi. Laweza kutoka katika mashine zisizotumika na majengo yaliyofungwa. Laweza kutoka katika kazi ambazo hospitali kubwa yazifanya kwa gharama kubwa, na zahanati yaweza kuzifanya kwa gharama ndogo. Na kila mwaka bajeti inapoongezwa, nyongeza hiyo ianzie vidato vya chini.

Hata hivyo, ukweli usifichwe. Iko miaka michache ambayo kaunti italazimika kulipa mara mbili: kuwatibu walioharibika kwa sababu ya uzembe uliopita, na wakati huo huo kuwakinga walio wazima. Katika miaka hiyo gharama hupanda, na faida bado haijaonekana. Hapo ndipo viongozi wengi hukata tamaa wakaurudia mtindo wa zamani. Lakini hakuna njia ya kuikwepa miaka hiyo. Kuiahirisha ni kuirefusha.

Wala kiongozi si Gavana peke yake. Mwuguzi msimamizi wa zahanati ni kiongozi. Wajumbe wa kamati ya kituo cha afya, ambao mara nyingi ni wakulima na wafanya biashara wa mahali pale, ni viongozi, na sheria ya mwaka 2023 imewapa sauti juu ya matumizi ya fedha za kituo chao. Wakiamua kununua dawa za presha kabla ya kupaka rangi ukuta, hapo wameongoza.

MFANO WA NDUI

Yuko atakayesema ya kuwa mambo haya ni ndoto. Na akumbuke ugonjwa wa ndui, ulioua watu wasiohesabika na kuwaacha wengine vipofu na wenye makovu. Tangu mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilizidisha kazi ya kuufukuza. Mwishoni wachanjaji hawakungoja wagonjwa waje hospitali. Waliwatafuta kijiji kwa kijiji, na kila walipompata mgonjwa waliwachanja watu wote waliomzunguka.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merca katika nchi ya Somalia, mwezi wa Oktoba mwaka 1977. Ingawa alifanya kazi hospitalini, hakuwa amechanjwa, kwa kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Mwaka 1980 ilitangazwa ya kuwa ndui imetoweka duniani. Miaka mingi baadaye Maalin alizunguka katika nchi yake akiwahimiza wazazi wawapeleke watoto wapate chanjo ya ugonjwa wa kupooza, akiwaeleza yaliyompata yeye. Alifariki kwa malaria mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo.

Leo hakuna wodi ya ndui katika hospitali yoyote. Hakuna kitanda kinachotumiwa kwa ajili yake, na vijana hawajui hata makovu yake yalivyokuwa. Ndivyo kinga inavyokuwa ikifaulu: husahauliwa. Kiongozi anayeitumikia sharti akubali kusahauliwa pamoja nayo.

Presha haitafukuzwa kama ndui, maana haitokani na mdudu mmoja. Lakini madhara yake yaweza kuzuiliwa kwa watu wengi, ikiwa kila upande utafanya sehemu yake. Basi kila mtu mzima aliyesikia maneno haya na apimwe presha, hata kama hasikii maumivu. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu amejiona mzima. Na wakati wa mkutano wa wadi juu ya bajeti, ambao Katiba imewapa wananchi wote, asimame mtu mmoja na kuuliza kwa heshima: "Zahanati yetu ilikaa siku ngapi bila dawa mwaka huu, na ni fungu gani mlilotenga ili jambo hilo lisitokee mwaka ujao?" Likiulizwa katika kila wadi, mwaka hata mwaka, kazi ile iliyonyamaza itakuwa imepata msemaji wake.